Paka Mwenyeji Hana Wivu

Kasomeno, katika mkoa wa Haut-Katanga kusini mwa Kongo, ni mahali pa kupita na mahali pa kupokea. Barabara inayotoka Lubumbashi hugawanyika hapo: mkono mmoja huelekea Kasenga, kwenye mto Luapula, na mwingine hupanda kaskazini hadi Pweto, kwenye ziwa Mweru. Samaki wa ziwani, magunia ya mahindi na ya makaa, wafanyabiashara wa kwenda na kurudi Zambia, wote hukanyaga vumbi hilo hilo. Pamoja nao husafiri mzigo usioandikwa katika hati yoyote: mtoto wa paka ndani ya kartoni lililotobolewa matundu, au katika kikapu kilichofunikwa kwa kipande cha kitenge, anapelekwa kwa mama mkwe, kwa dada, kwa mwuza unga ambaye ghala lake limeingiliwa na panya. Wengi huteremshwa wakiwa wagonjwa. Macho yamegandamana kwa usaha, pua inatiririka, tumbo limejaa minyoo na manyoya yamejaa viroboto. Na mara nyingi nyumba inayompokea ina paka mwingine, mkubwa, mwenye miaka yake hapo.

Kinachofuata hufanywa kwa nia njema kabisa. Mtoto hutolewa ndani ya kartoni na kuwekwa katikati ya sakafu, mbele ya mwenyeji, huku watu wa nyumba wamezunguka kutazama. Mwenyeji hukunja mgongo, husimamisha manyoya, hufoka kwa ile sauti ya mvuke unaotoka kwenye sufuria. Watoto hucheka. Mtu mzima husema: "Waache, watajuana wenyewe." Mwenyeji akizidi kufoka hupigwa kandambili, kwa kuwa ana wivu. Jioni wote wawili huwekewa bukari (ugali) na vichwa vya samaki katika sahani moja, ili wazoeane.

Ni vigumu kutaja kosa jingine dogo namna hiyo linaloweza kuua paka wawili ndani ya wiki mbili. Hata hivyo karibu kila mtu hulitetea, na utetezi wake una sura nne: kwamba paka hujuana wenyewe, kwamba mgonjwa hatengwi, kwamba kutenga ni anasa ya watu wenye nyumba za vyumba vingi, na kwamba paka, mwenye roho saba, hupona bila kusaidiwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosimama.

Tuanze na hiyo ya kujuana. Anayeisema anamchukulia paka kama mbuzi au mbwa, mnyama aliyezaliwa kuishi kundini. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu aitwaye kitaalamu Felis lybica, ambaye hadi leo huwinda katika savana na misitu ya miombo ya kusini mwa Kongo. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulithibitisha ukoo huo, na huko Kupro wachimbaji walikuta kaburi la miaka ipatayo 9,500 ambamo mtu na paka wamezikwa karibu karibu. Katika muda wote huo mwindaji huyu hakubadilika sana. Chakula chake ni panya mmoja, na panya mmoja hatoshi wawili. Ndiyo maana kila paka huweka mipaka, huipitia kila siku, na huiandika upya kwa harufu: mashavu kwenye miimo ya mlango, kucha kwenye mti, mkojo kwenye kona ya ua.

Kuna atakayejibu kwamba paka wa masokoni hukaa makundi makundi, na kwamba vichochoro vya mji wa Lamu, Kenya, vimejaa paka wanaolala pamoja bila ugomvi. Ni kweli, ila inafaa kuuliza wale ni akina nani. Kundi la paka linalokaa penye chakula kingi kwa kawaida ni ukoo wa majike: bibi, mama, mabinti, dada waliolea watoto wao pamoja. Wana harufu moja kwa sababu hulambana na kusuguana kila siku. Mgeni akitokea, ukoo huo humfukuza. Na akikubaliwa, hukubaliwa baada ya kuzungukazunguka pembeni kwa muda mrefu, akisogea hatua kwa hatua. Kwa hiyo paka wa sokoni ni ushahidi dhidi ya wale wanaowataja. Wanaonyesha kwamba paka hukubaliana na ndugu, na kwamba mgeni huhitaji umbali na muda. Sakafu ya chumba kimoja, katikati ya duara la watoto wanaocheka, haina umbali wala muda.

Na hapo ndipo ilipo dhuluma kubwa anayofanyiwa mwenyeji. Huitwa mwenye wivu, mchoyo, asiye na huruma kwa yatima. Yeye anachokiona ni hiki: mipaka yake yote imevunjwa kwa dakika moja, na aliyeivunja ni mtu anayemwamini. Kiumbe aliyewekwa mbele yake ananuka lori, ananuka paka wengine, ananuka usaha na kuhara. Kufoka ni onyo la heshima katika lugha ya paka. Humwambia mgeni asisogee, ili wasipigane. Anayemchapa paka kwa kufoka anamnyang'anya onyo na kumwachia kucha. Tena anamfundisha jambo ambalo halitasahaulika upesi, yaani kwamba siku alipoingia huyu mdogo, ndiyo siku yeye alipoanza kupigwa. Baada ya hapo mwenye nyumba hushangaa mwenyeji anapokojoa juu ya mkeka, anapohamia kwa jirani, anapoacha kula. Hilo la kuacha kula lina hatari yake peke yake. Paka mzima, hasa aliyenenepa, akikaa siku kadhaa bila chakula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kuliziba, na wengi hufa kwa hilo tu.

Lakini hata paka wawili wangependana tangu saa ya kwanza, bado ingekuwa kosa kuwakutanisha, kwa sababu mmoja wao ni mgonjwa.

Magonjwa yanayosafiri ndani ya makartoni yale ni mengi, na la kutisha kuliko yote ni panilukopenia, yaani parvo ya paka. Imejulikana kuwa ni ugonjwa wa virusi tangu mwaka 1928. Mtoto huanza kwa kunyong'onyea na homa, kisha hutapika, kisha huhara, wakati mwingine damu. Virusi hushambulia utumbo na uboho wa mifupa, mahali panapotengenezwa chembe nyeupe za damu, hivyo mwili hubaki bila askari. Kwa watoto wasiotibiwa vifo vinaweza kufikia tisa katika kila kumi. Paka mzima ambaye hakuchanjwa wala hakuwahi kuugua hana kinga ya kutegemea. Virusi hivyo hudumu katika nyufa za sakafu, katika nguo, chini ya viatu, hadi mwaka mzima. Pombe haiviui. Sabuni peke yake haiviui. Na paka aliyepona anaweza kuendelea kuvitoa kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa, huku anaruka na kucheza kama hana lolote.

Anayedhani hayo ni maneno ya kutishia watu na asikie habari ya kisiwa cha Marion, mali ya Afrika Kusini, katika bahari baridi za kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watu wa kituo cha hali ya hewa walipeleka paka watano ili wale panya. Kufikia mwaka 1977 paka hao walikuwa wamezaana hadi kukaribia 3,400, nao walikuwa wanamaliza ndege wa baharini wanaotaga ardhini. Wataalamu walitafuta njia ya kuwapunguza. Waliyoichagua ni kuwaachia paka walioambukizwa panilukopenia miongoni mwa wenyeji. Hadi mwaka 1982 walibaki paka wapatao 600. Kazi iliyosalia ilimalizwa kwa bunduki na mitego, na mwaka 1991 kisiwa kilikuwa hakina paka tena.

Hiyo ilikuwa silaha, nayo ilichaguliwa na watu waliojua wanachokifanya. Mbinu yake yote ilikuwa kuwapelekea paka wenyeji paka mgonjwa. Kinachofanyika kwenye sakafu za Kasomeno kwa jina la ukarimu kinafuata mbinu ile ile, tofauti ni nia tu, na virusi havisomi nia.

Mafua ya paka hayaui kwa kasi hiyo, ila ndiyo yanayoonekana zaidi, na ndiyo yanayopuuzwa zaidi. Chanzo chake mara nyingi ni virusi vya herpesi vya paka au kalisivirusi, vyote viwili vilivyotambuliwa na wanasayansi katika miaka ya 1950. Chafya moja hurusha matone hadi zaidi ya mita moja. Sahani ya pamoja hufanya kazi hiyo bila hata chafya, kwa maana mate na kamasi ya mgonjwa hubaki ukingoni, na mwenyeji hulamba ukingo. Kalisivirusi huchoma ulimi kwa vidonda hata paka akashindwa kumeza, na nje ya mwili vinaweza kudumu wiki kadhaa. Herpesi hufa upesi sana nje ya mwili, pengine chini ya siku moja, lakini ndani ya mwili haiondoki. Paka karibu wote walioipata hubaki nayo katika mishipa ya fahamu maisha yao yote, imelala.

Imelala hadi paka apatwe na mfadhaiko. Kuhamishwa nyumba, safari ndefu, kufokewa, kupigwa, kuletewa mgeni: mambo kama hayo huiamsha, na wiki moja hivi baadaye paka huanza kutoa virusi tena, hata kama pua yake ni kavu. Jambo hili linabomoa utetezi wa mtu asemaye, "Paka wangu ana nguvu, hawezi kuambukizwa." Pengine ni kweli, alikwisha kuugua utotoni. Basi yeye mwenyewe ni mbebaji, na siku anapofadhaishwa kwa kuletewa mgeni ghafla ndiyo siku anapoanza kuelekea kumwambukiza yule mdogo aliyekuja tayari amedhoofika kwa minyoo na njaa. Mkutano wa haraka unamhatarisha mkubwa kwa ugonjwa wa mdogo, na mdogo kwa ugonjwa wa mkubwa.

Kuna mengine pia. Virusi vya lukemia ya paka, vilivyogunduliwa Glasgow mwaka 1964 na William Jarrett, huenea kwa mate, kwa kulambana na kula pamoja. Virusi vya upungufu wa kinga ya paka, vilivyotambuliwa California mwaka 1986, huenea hasa kwa kuumana, na kuumana ndiko hasa kunakotokea pale wawili wanapoachwa "wajuane". Mapunye hutoka kwenye manyoya ya paka hadi kwenye kichwa cha mtoto aliyembeba, na vijimbegu vyake hukaa kwenye mkeka zaidi ya mwaka. Mama mwenye mimba hafai kugusa kinyesi cha paka mchanga kwa sababu ya toksoplasma. Na paka mgeni akimng'ata mtu, hasa ikiwa tabia zake ni za ajabu, jeraha lisuguliwe kwa maji mengi na sabuni kwa robo saa, kisha safari ya hospitali ianze siku hiyo hiyo, kwa kuwa kichaa cha mbwa kipo Kongo na hakichagui mbwa peke yake.

Utetezi wa pili ndio wenye uzito, nao unastahili kujibiwa kwa heshima. Katika nyumba nyingi za Katanga mgonjwa huzungukwa. Ndugu hulala chini ya kitanda chake hospitalini, na mgonjwa hupikiwa, huongeleshwa, haachwi peke yake. Kumfungia kiumbe mdogo anayelia ndani ya jiko la nje kunaonekana kama kumtupa. Mtu mwenye moyo huo hana kosa la tabia. Ana kosa la kuchanganya mambo mawili, kutenga na kutelekeza.

Watu wa Haut-Katanga wanaijua tofauti hiyo kuliko wengi. Kipindupindu hurudi mara kwa mara katika vijiji vya wavuvi kandokando ya Luapula na Mweru, na kila kinaporudi hufunguliwa vituo ambako wagonjwa huwekwa peke yao, viatu huchovywa kwenye maji ya klorini mlangoni, na wauguzi hawatoki humo bila kunawa. Hakuna anayesema wagonjwa wale wametupwa. Katika mji wa Kikwit, mwaka 1995, Ebola ilipata watu 315, na kilichosaidia kuizima kilikuwa kuwatenga wagonjwa huku wakihudumiwa na watu waliovaa glavu na barakoa. Hata nyumbani, mfugaji aliyewahi kupoteza banda zima kwa kideri, ugonjwa wa kuku, hamwingizi kuku wa sokoni bandani usiku ule ule. Humfunga mguu pembeni, humtazama siku kadhaa kama anakula na kama kinyesi ni kizuri. Hekima hiyo ipo uani tayari. Ila hukomea kwenye banda la kuku, kana kwamba paka ameumbwa kwa udongo mwingine.

Tena mtoto mgonjwa ndiye anayefaidika kwanza na kutengwa. Paka mchanga aliyeziba pua hali, kwa kuwa hamu ya kula ya paka huanzia kwenye harufu. Anahitaji chakula laini kilichopashwa moto kidogo ili kinukie, dagaa waliochemshwa bila chumvi na kusagwa, mara nyingi kwa siku, kwa mkono wa mtu mwenye subira. Anahitaji usaha ufutwe machoni kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu. Anahitaji joto, kwa sababu mtoto mdogo aliyepoa hawezi hata kuyeyusha chakula alichonacho tumboni. Anahitaji mtu aone kama amehara na amekunywa nini. Sahani ikiwa ya pamoja, mkubwa humaliza kila kitu na hakuna ajuaye kama mdogo alionja. Sanduku la haja likiwa la pamoja, au wote wakienda haja uani, hakuna ajuaye damu ile ni ya nani. Aliyewekwa peke yake huonekana. Aliyeachwa katikati ya chumba akijificha nyuma ya magunia kwa hofu ya mkubwa ndiye aliyetelekezwa.

Sura ya tatu ya utetezi husema: hayo yanawezekana kwa Wazungu, au kwa matajiri wa Lubumbashi wenye vyumba vya wageni. Nyumba ya matofali yenye vyumba viwili na watu wanane itamtengea paka wapi?

Kwa kweli hakihitajiki chumba. Unahitajika ukuta mmoja na kitu cha kufunga. Jiko la nje linatosha, bafu la uani linatosha, ghala dogo linatosha, hata tenga kubwa la kuku lililoinamishwa na kuwekewa jiwe juu, mradi liwe mbali na njia ya mwenyeji na lisipigwe na jua wala mvua. Ndani yake: kartoni lenye nguo kuukuu, sahani ya chakula, kikopo cha maji, na beseni bovu lenye mchanga au majivu baridi. Kwa joto, chupa ya plastiki iliyojazwa maji ya moto na kuviringishwa kitambaa hufaa sana. Mbabula, yaani jiko la makaa, haifai: moshi wa makaa katika chumba kilichofungwa huua paka kama unavyoua watu.

Kanuni za kuhudumia ni chache na hazina bei. Mwenyeji ahudumiwe kwanza, mgonjwa baadaye, kisha mikono ioshwe kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Shati moja kuukuu livaliwe wakati wa kumshika mgonjwa na libaki palepale kwenye msumari. Vyombo vyake visitoke. Kinyesi kizikwe. Sakafu isuguliwe kwanza kwa sabuni, kisha ipakwe javeli (dawa ya klorini), nusu kikombe katika lita nne za maji, iachwe ikiwa mbichi dakika kumi, kisha isuuzwe kabla paka hajarudi juu yake. Javeli iliyokwisha kuzimuliwa na mwuzaji huhitaji kipimo kikubwa zaidi. Watoto wa nyumba wakatazwe kumbeba hadi ngozi yake ionekane safi. Muda wake ni wiki mbili tangu siku alipofika, au zaidi kama bado anapiga chafya. Ikiwa alihara na kutapika kwa namna ya parvo, wiki sita hazizidi.

Gharama ya kweli iko upande wa pili. Kasomeno huishi kwa mahindi na samaki mkavu, na vyote viwili hupendwa na panya. Paka mkubwa aliyezoea nyumba, anayejua panya hupenya wapi, ni mlinzi wa gunia ambaye halipwi mshahara. Akifa, mtoto mgonjwa hawezi kushika nafasi yake; itapita miezi kabla hajakamata panya wa kwanza, kama ataishi. Familia isiyo na fedha ndiyo hasa isiyoweza kumudu kumpoteza mwenyeji kwa ajili ya haraka ya jioni moja.

Kuhusu roho saba, yatosha kusema kwamba imani hiyo hufanya madhara ya aina mbili. Wengine kwa kuiamini hawafanyi lolote. Wengine hufanya kupita kiasi, wakidhani mwili huo hauharibiki. Paka hupewa kipande cha parasetamoli kwa ajili ya homa, na ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumwua paka mzima, seuze mtoto. Hupakwa dawa ya viroboto ya mbwa au unga wa kuua wadudu wenye permetrini, akatetemeka hadi kufa. Sakafu hupigwa kresili, yenye fenoli, naye huikanyaga, hulamba nyayo, huungua mdomo na tumbo. Hunyweshwa maziwa ya ng'ombe, ambayo wengi wao hawawezi kuyasaga, akahara zaidi. Kwa viroboto, kitana cha meno membamba na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha kukaushwa upesi, hufanya kazi salama. Kwa minyoo, homa na kuhara damu, atafutwe daktari wa wanyama. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo chake cha tiba ya wanyama, na madaktari waliosomea hapo wametapakaa mkoani. Mwenye simu anaweza kuuliza kipimo cha dawa bila kusafiri.

Husikika pia neno la watu waliochelewa: wamekwisha kukaa pamoja siku mbili, kutenganisha sasa ni kazi bure. Kazi hiyo haina ubure wowote. Kuambukizwa hutegemea pia wingi wa virusi mwili unavyovipokea, na kila siku ya sahani moja huongeza dozi. Mwenyeji aliyekwisha kufadhaika hupata nafuu adui anapoondoka machoni. Na uadui uliokwisha kuanza huvunjika kwa urahisi zaidi wakipumzishwa kabisa na kuanzishwa upya. Basi watenganishwe hata siku ya tano, na mwenyeji aangaliwe kwa wiki mbili: kama anakula, kama anatapika, kama macho yanatoa maji.

Mdogo akipona, kinachobaki ni kazi ya pua. Kitambaa alicholalia mgeni kiwekwe karibu na mahali pa mwenyeji, wala kisisuguliwe usoni pake. Cha mwenyeji kipelekwe kwa mgeni. Siku kadhaa baadaye walishwe kwa wakati mmoja, mlango uliofungwa ukiwa kati yao, sahani zikianza mbali na kusogezwa kidogo kidogo. Wakila kwa utulivu, mlango ufunguliwe upenyo wa vidole viwili. Kisha waonane kwa dakika chache, mwenyeji akiwa na mahali pa juu pa kukimbilia, meza au rundo la magunia, na asiwepo mtu wa kuwasukumiza. Akifoka, aachwe afoke. Mgeni atarudi nyuma, na hapo onyo litakuwa limefanya kazi yake. Paka wengine humaliza safari hiyo kwa wiki moja, wengine miezi miwili. Wengine hawatalala pamoja kamwe, watagawana nyumba kwa zamu, mmoja jikoni na mwingine uani, nao wataishi hivyo kwa amani.

Kuna hatua moja inayotangulia yote hayo, nayo husahauliwa kwa sababu humhusu asiye mgonjwa. Mwenyeji achanjwe kabla ya mgeni kuja. Chanjo ya paka hukinga panilukopenia vizuri sana, na hupunguza ukali wa mafua. Paka ambaye hajawahi kuchanjwa hupewa mara mbili, kwa kupishana wiki tatu au nne, na mtoto huanza akiwa na wiki sita hadi nane akishapona. Chanjo hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo haifai kupelekwa Kasomeno ndani ya mfuko wa koti. Ni afadhali paka apelekwe kwenye chanjo, au daktari aje na kisanduku cha barafu na kuwachanja paka wa nyumba kadhaa kwa siku moja, majirani wakichangia safari yake. Malori hupanda na kushuka njia hiyo kila siku. Upo mradi wa barabara ya kulipia kutoka Kasomeno kupitia Kasenga, kuvuka Luapula hadi Mwenda nchini Zambia, na barabara hiyo ikikamilika makartoni yatakuwa mengi zaidi, yakitoka mbali zaidi. Mwenye paka anayetazamia kuletewa mwingine na ampigie simu anayemletea, amwambie asimpakie kwanza, amchunguze macho na mkia leo, na angoje hadi mwenyeji apate sindano yake ya pili.